Kijiji Kilipopona Ghafla

Mtoto wa Njambi alizaliwa kabla Absalom hajafika, na Absalom alipofika mtoto alikuwa ameshafunikwa kwa kipande cha kitambaa cha amerikani.

Absalom alisimama mlangoni akihema, mfuko wa dawa begani, matope yamempanda mpaka magotini. Alikuwa amekimbia kutoka mto Ndarugu. Ndani ya kibanda, Ngendo, mkunga wa kijiji cha Githima, alikuwa akimpangusa Njambi uso kwa kitambaa chenye maji. Hakugeuka.

"Pikipiki iko wapi?" Ngendo aliuliza. "Tulikuwa tunasikiliza. Tangu asubuhi tunasikiliza."

"Imevunjika mtoni. Foku inayoshika gurudumu la mbele imekatika nikipanda ukingo."

Mkunga alisogea kumpisha. Absalom alipiga magoti kando ya kitanda, akampima Njambi mapigo ya moyo, akamtazama damu, akampa dawa, akamchoma sindano. Mama angepona. Alipomaliza aliinua ile amerikani, akaangalia, akairudisha taratibu.

"Kitovu kilimzunguka shingo," Ngendo alisema. "Nilifungua, lakini alikuwa amechoka."

"Kama ningefika mapema, cucu?" aliuliza, akimwita bibi kwa Kikuyu.

Ngendo alikamua kitambaa. Alikuwa amezalisha nusu ya watu wa Githima, wa kabla ya vita hivi kati ya serikali na wapiganaji wa msituni, na wa baada ya watu kukusanywa kijijini nyuma ya handaki na miti iliyochongwa ncha. Alijua maneno ya kumfariji baba, na ya kumfariji mama. Ya kumfariji daktari hakuwa nayo.

"Ungefika mapema, tungekuwa wawili," alisema.

Njambi aligeukia ukuta. Absalom alitoka nje, na homugadi aliyekuwa langoni, mmoja wa wale walinzi walioandikwa na serikali, akamtaka aonyeshe karatasi yake ya kutembea, ingawa alikuwa ameionyesha alipoingia.

*

Alipofika nyumbani Ruiru, akiisukuma pikipiki iliyoinamisha pua kama ng'ombe mgonjwa, mkewe Perez alikuwa akipanga samaki wakavu kwenye karai. Samaki hao walimjia kwa treni kutoka Kisumu, naye akawauza kando ya stesheni kwa wafanyakazi wa mashamba na wa viwanda vya Thika waliotamani chakula cha kwao. Aliitazama pikipiki, akamtazama mume, akaelewa kwamba jambo kubwa halikuwa pikipiki.

"Mama au mtoto?" aliuliza.

"Mtoto."

Perez alimwekea maji ya kuoga. Kisha akampakulia chakula.

Nyuma ya nyumba yao ya misheni, chini ya gunia, kulikuwa na mabati. Perez na Absalom walikuwa wakiyanunua moja moja tangu binti yao Aketch azaliwe, ili siku moja wayapeleke kwao Alego, Nyanza, wakaezeke nyumba, na mama yake Absalom aache kuhamisha kitanda kila mvua inapopata tundu jipya. Usiku wa mvua Perez aliyasikia yakilia chini ya gunia, na sauti hiyo ilimfurahisha. Hakuna kitu kingine katika nchi hii ya watu alichoweza kukiita chake.

"Fremu nayo imepata ufa," Absalom alisema. "Imezeeka, Mama Aketch. Haina springi nyuma. Kila jiwe linaingia mgongoni. Nimeipenda, lakini leo imeniulia mtoto."

"Pikipiki haiui mtoto."

"Basi nimemuua mimi, kwa kuing'ang'ania."

Perez aliondoa sahani. Pikipiki hiyo Absalom alikuwa ameinunua kwa kijana wa Kizungu wa shamba la kahawa, aliyevunjika mguu akarudi kwao. Ilikuwa ya traio. Huo ulikuwa mchezo wa vijana wa Kizungu waliokutana Jumapili kwenye machimbo ya mawe, wakapanda miamba na kuvuka matope. Mbio hazikuhesabiwa, ila aliyeteremsha mguu chini alipoteza. Kwa hiyo ilikuwa nyembamba na nyepesi, tumbo lake juu, na ilipopanda kilima ilinguruma polepole, tup, tup, tup, kama mtu anayetwanga bila haraka. Mlio huo ulijulikana kutoka Mwihoko mpaka ng'ambo ya Ndarugu. Wanawake walipousikia walianza kuwatoa wagonjwa nje kabla hajafika.

"Bwana D.O. ameniita Thika kesho," Absalom alisema, akimtaja yule afisa Mzungu wa wilaya. "Nasikia anataka kunipa pikipiki mpya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu ni mbovu."

"Serikali haijawahi kukupa hata kiberiti," Perez alisema. "Sikiliza vizuri atakachosema mwishoni."

*

Absalom aliwekwa kusubiri kwenye baraza la ofisi ya D.O. huko Thika tangu asubuhi. Benchi lilikuwepo, lakini karani alimwambia ni la wazee wa baraza, kwa hiyo alisimama. Mara mbili watu waliokuja nyuma yake waliitwa kabla yake. Mvua ilipoanza kupiga upande aliokuwa amesimama, alisogea kidogo, na karani akamwambia arudi pale pale ili aonekane.

Jambo moja lilimpunguzia machungu. Mbele ya baraza ilisimama pikipiki mpya, nyeusi, ikimeremeta. Foku yake ilikuwa nene. Nyuma ilikuwa na springi mbili, na kiti kipana cha ngozi. Absalom aliiangalia kama mtu mwenye njaa anavyoiangalia nyama ya mwenzake, akijaribu kutoonekana.

Bwana D.O. alikuwa mtu mrefu, bado kijana. Alizungumza Kiswahili cha jikoni, na Absalom alipomjibu kwa Kiswahili safi, alimkatiza.

"Wewe hapana Mkikuyu," alisema. "Wewe iko mtu ya Nyanza. Mtu mzuri. Mimi taka saidia wewe. Ile mtoto nakufa, mimi nasikia. Mbaya sana."

"Ni kweli, bwana."

"Sasa chukua hii mpya. Mafuta bure. Ile mzee, leta hapa, sisi natupa."

Absalom aliitupia jicho ile pikipiki nje. Alikumbuka aliyoambiwa na mkewe, akangoja mwisho. Mwisho ulikuja Bwana D.O. akiwa tayari anatazama karatasi nyingine.

"Kila jioni wewe pita posti ya polisi. Ambia sajini nani nataka dawa. Nani nataka bandeji. Nyumba gani. Hiyo tu. Kazi kidogo."

"Bwana, mimi ni dresa, mfunga vidonda wa misheni. Wagonjwa hunionyesha mambo yao kwa sababu—"

"Mtu mzuri hapana ogopa," Bwana D.O. alisema. "Jaribu wiki moja."

Barabarani kuelekea Ruiru, juu ya pikipiki mpya, upande mmoja mkonge na upande mwingine kahawa, Absalom alijisemea kwamba sajini angeambiwa uongo na asingejua. Angesema malaria. Angesema kikohozi. Na pikipiki ilimsaidia kuamini, kwa maana ilipita juu ya mashimo kana kwamba hayapo, na mgongo wake, uliokuwa ukimuuma siku zote, ulinyamaza. Ingekuwa hii, alifikiri, ningefika.

Mkubwa wa misheni, padri mzee, aliiona ikiingia uani. Aliuliza ilikotoka, akaambiwa. Alisema kwamba asingemwamuru aichukue na asingemwamuru aikatae, akarudi ndani.

*

Siku ya kwanza, Githima palikuwa kimya. Absalom aliegesha pikipiki chini ya mti wa mgumo uliokuwa karibu na lango, akafungua meza yake, akapanga chupa. Kwa kawaida mstari ulikuwa umeshafika kwenye handaki. Sasa walikuja watu wawili tu: mke wa mzee wa kijiji, aliyetaka dawa ya kichwa, na homugadi mwenye jino bovu.

Siku iliyofuata alikwenda vijiji vya upande wa Mwihoko. Huko nako milango ilikuwa imeegeshwa, moshi ukitoka paani. Alibisha. Mwanamke alifungua kidogo.

"Mtoto wako wa kifua anaendeleaje?"

"Amepona, daktari."

"Wiki jana alikuwa hawezi kupumua."

"Mungu ni mwema," mwanamke alisema, na nyuma yake mtoto akakohoa mpaka akatapika. Wote wawili walimsikia. Mwanamke hakusogea mlangoni.

Jioni Absalom alipita posti. Sajini alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Nani aliomba dawa leo?"

"Hakuna aliyeomba."

"Watu wote wale, mvua yote hii, hakuna mgonjwa?"

"Wamepona," Absalom alisema.

Sajini alicheka. Absalom naye alilazimika kucheka kidogo, na kicheko hicho alichokiacha pale posti kilimfuata njia nzima mpaka nyumbani, kikamchukiza kuliko yote yaliyompata kwenye baraza lile la Thika.

Perez naye alikuwa na yake. Pale stesheni alizoea kukaa kati ya wanawake wa Kikuyu waliouza viazi na sukumawiki. Walikuwa wakiazimana kisu, wakilindiana biashara mmoja akienda haja, wakicheka lugha zao zilivyogongana. Sasa alipofika walisogeza magunia yao, polepole, bila ubaya usoni, mpaka pakabaki nafasi pande zake zote mbili. Aliomba kisu. Mwenye kisu alisema kimepotea, nacho kilikuwa mkononi mwake.

Mchana huo alikuja Waithira, mke wa Gichuru, mzee wa kijiji cha Githima aliyewekwa na serikali. Alivaa viatu, na sweta alilopewa na mke wa Mzungu. Hakuwa amekula samaki maisha yake yote, watu wa kwao hawakuwa na desturi hiyo, lakini aliinama, akachagua mkubwa, akalipa bila kuuliza bei.

"Nimefurahi, Mama Aketch," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mzee wangu ameniambia. Sasa sisi ni watu wamoja."

Wanawake wa viazi walitazama reli. Perez alibaki na pesa kiganjani. Tangu afike Ruiru alikuwa ameitwa mambo mengi, mgeni, mla samaki, mtu asiyejua kuzungumza. Hakuna lililomchoma kama hilo la kuitwa mmoja wao.

*

Mwisho wa wiki Ngendo alikuja stesheni kwa miguu, amebeba mzigo wa kuni ili aonekane ana shughuli. Aliuweka chini mbele ya Perez kana kwamba anapumzika.

"Mama Aketch, mjukuu wangu ameungua na uji," alisema, akiangalia pengine. "Mguu wote. Siku ya nne sasa. Tumepaka mafuta ya kondoo."

"Siku ya nne? Na Baba Aketch alikuwa huko juzi?"

"Alikuwa. Tulimsikia. Ile pikipiki mpya inalia kama ya polisi. Ikija, watu wanaingia ndani. Hata mimi niliingia, na mimi nimemshika mkono yule kijana akijifunza kuzalisha."

"Mume wangu hawezi kumuuza mtu."

"Najua. Lakini anapita posti kila jioni. Watoto wanamwona." Ngendo alijitwika kuni. "Mwambie aje. Lakini akija na hiyo ya serikali, mlango hautafunguka. Sio mimi nimesema. Ni kijiji."

Perez aliacha karai lake ili akamwambie mumewe. Kabla hajageuka, mwanamke mwenye kisu alilivuta kando ya gunia lake la viazi ili alilinde, bila kumtazama.

Absalom alikwenda Githima kwa miguu, akakata katikati ya mashamba. Mguu wa mtoto ulikuwa umeanza kunuka. Aliuosha muda mrefu huku mtoto akilia na Ngendo akimshika, akauondoa uchafu, akaupaka dawa, akaufunga. Aliomba maji ya moto, na mwanamume ambaye hakumjua aliyaleta kutoka chumba cha nyuma, kanga ya mwanamke imefungwa begani na damu imekauka juu yake. Walitazamana. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ameona.

"Na hilo bega?" Absalom aliuliza.

"Nilianguka," mwanamume alisema.

"Kaa chini."

Alimtibu. Hakuuliza alianguka wapi. Alipofika posti jioni, sajini aliuliza nani aliomba dawa, na Absalom akasema ni mtoto mmoja, ameungua na uji. Ulikuwa ukweli, nusu yake, na alipousema aliona kwamba anakaza mkanda wa mfuko wa dawa uliokwisha kukazwa, na kwamba sajini anautazama.

*

"Nilidhani nitaweza kusema uongo," alimwambia mkewe. "Siwezi. Sajini atanisoma kabla mwezi haujaisha."

Walikuwa wameketi nje, taa ya chemli kati yao, Aketch amelala mgongoni mwa mama yake. Pikipiki mpya ilisimama uani. Ya zamani ilikuwa imeegemezwa ukutani, foku imekatika.

"Sema unachotaka," Perez alisema.

"Nataka ile mpya," Absalom alisema, naye aliona haya kusema hivyo. "Nataka isiyokuwa na sajini ndani yake. Na haipo. Kila ninapofumba macho namwona yule mtoto wa Njambi. Nikiirudisha, kesho mwanamke mwingine atanisikiliza nisifike. Nikikaa nayo, nitafika, na hatafungua mlango. Nieleze, Mama Aketch, daktari wa namna hiyo ni wa nini?"

Perez alimsogeza mtoto mgongoni. Alikuwa amefikiri njia nzima kutoka stesheni, na alikuwa amekwisha kukata shauri kabla hajafika mlangoni.

"Tengeneza ile ya zamani," alisema. "Mbaluka wa Thika anaweza kitu chochote cha chuma. Atatia foku nyingine."

"Kwa pesa gani?"

"Kuna mabati."

Absalom alitikisa kichwa. "Hapana. Hayo ni ya mama."

"Mama mkwe nitamwandikia mimi. Nitamwambia mwanawe ameombwa awe jicho la serikali, akakataa, na kukataa kumekuwa ghali. Kama namjua, atahamisha kitanda chake na kuimba." Aliinuka. "Na ukinikataza, nitayabeba mwenyewe kesho. Juzi mke wa Gichuru aliniambia sisi ni watu wamoja, Baba Aketch. Mbele ya watu. Sitalala chini ya bati lolote duniani na neno hilo juu yangu."

Asubuhi aliyafunga kwa kamba, akakodi mkokoteni wa mwenye maziwa, akapakia na pikipiki ya zamani, akapanda juu ya mabati akaketi, Absalom akifuata kwa ile mpya. Njia nzima ya Thika mabati yalipiga kelele chini yake, na kila aliyegeuka kutazama, Perez alimsalimu.

*

Mbaluka alikuwa na karakana nyuma ya viwanda, uwanja wa vyuma vilivyokufa. Alikuwa Mkamba mnene, macho mekundu kwa moto wa kuchomelea. Aliizunguka ile pikipiki ya traio, akagonga fremu kwa spana, akasikiliza.

"Ufa huu nitauziba. Foku ninayo, imetoka kwa pikipiki ya jeshi iliyogongana na lori. Ni nzito kuliko yako lakini haitakatika." Alijikuna kidevu. "Na kwa mabati haya, naweza kukata nyuma nikakuwekea springi pia. Uwe na kitu cha kisasa kama Mzungu. Mgongo wako utanishukuru."

Absalom aliwaza kile kiti kipana, yale mashimo yaliyopita bila kumgusa. "Itakuwa nzito kiasi gani?"

"Nyuma itakuwa nzito. Na itachukua siku nyingi."

"Watu wanangoja," Absalom alisema. "Weka foku, ziba ufa. Nyuma iache ilivyo."

"Utaumia."

"Nimezoea."

Mbaluka alimtazama Perez, kama fundi anavyomtazama mwenye pesa. Perez akainua bega moja. "Mgongo ni wake," alisema. "Nitaukanda."

Absalom aliirudisha pikipiki mpya siku ile ile. Aliiegesha mbele ya baraza, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akaupeleka ufunguo ndani. Karani alimwambia asubiri. Safari hii Absalom aliketi kwenye benchi. Karani alimtazama, akafungua kinywa, akakifunga.

"Mbaya?" Bwana D.O. aliuliza. "Nini mbaya na hii?"

"Ni nzuri sana, bwana. Lakini nikiwa nayo hakuna mtu anayeumwa."

"Wewe nacheza na mimi?"

"Hapana. Kazi yangu ni kutibu. Kazi ya sajini ni ya sajini. Siwezi zote mbili."

Bwana D.O. aligeuka mwekundu usoni. Kumfunga asingeweza kirahisi, padri alikuwa na watu wa kumsemea Nairobi. Aliita karani, akaagiza karatasi ya Absalom iletwe, akachora mstari kwenye neno la pikipiki.

"Mguu, ruhusa, kwa sababu misheni naomba," alisema. "Lakini ile pikipiki mzee hapana tembea barabara ya serikali tena. Hata moja. Petroli hapana. Askari nakamata, wewe nalala ndani. Nasikia?"

"Nimesikia, bwana. Barabara ya serikali."

*

Barabara ya serikali ilitoka Ruiru, ikazunguka mashamba ya kahawa, ikavuka daraja, ikapanda mpaka Githima. Palikuwa na vizuizi, na askari kila kizuizi.

Absalom hakuigusa. Foku ilipokuwa tayari na pikipiki imerudi Ruiru kwa mkokoteni, aliisukuma mpaka mwisho wa uwanja wa misheni, mahali ua ulipokatika, akaiwasha kati ya mibuni. Nyapara wa shamba, aliyekuwa na mke wa kuzaa mwezi huo, alikuwa ameacha wazi mlango wa waya na kwenda kusimamia wachumaji upande wa mbali. Absalom alishuka bondeni akiwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika, akaingia Ndarugu pale maji yanapopita juu ya mawe. Jiwe la kwanza lilimrusha. La pili lilimwingia mgongoni kama nyundo. Pikipiki iliinamia kushoto, naye mguu wake ukataka kuteremka, akaukataza. Ukingoni, pale foku ilipokatikia, alitulia, akaiachia ipande taratibu. Tup, tup, tup. Foku ya jeshi ililalamika, ikashika.

Githima walimsikia akiwa bado ng'ambo ya mashamba. Alipotokea upande wa nyuma wa kijiji, kwenye kidaraja cha mbao cha wachota maji, mstari ulikuwa umeshapangwa. Yule mtoto wa kifua alikuwa ameletwa kutoka Mwihoko, akiwa mgongoni kwa mama yake. Wazee walikuwepo, na wenye vidonda. Hakuna aliyemshukuru, na hakuna aliyeeleza walikuwa wapi wiki ile. Walijipanga tu.

Gichuru alikuja haraka, kofia ya uzee wa kijiji kichwani, homugadi wawili nyuma yake.

"Umepita barabara gani?" aliuliza.

"Sikupita barabara, mzee."

"Karatasi yako imekatwa. Najua." Aligeukia mstari. "Nyinyi, rudini nyumbani. Hakuna dawa leo."

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Njambi. Alikuwa bado amekonda, maziwa yamemjaa yakamletea homa, matiti yamevimba mpaka hakuweza kushusha mikono. Alimsikia mzee, akasogea hatua moja mbele, akaketi kwenye kigoda cha wagonjwa.

"Nimekuja kutibiwa," alisema. "Nitatibiwa."

"Njambi, simama."

"Nilisimama sana nyuma ya mlango wiki jana," Njambi alisema. "Leo nimeketi."

Gichuru aliwatazama homugadi wake. Mmoja wao alikuwa anatazama chini. Mwingine alikuwa anamtazama mama yake, aliyekuwa katikati ya mstari ameshika jicho lake bovu, naye mama alimtazama kwa lile lililobaki zima, bila kupepesa. Hakuna aliyeondoka. Mvua ilianza, mstari ukakaa pale pale. Mwishowe Gichuru alisema atapeleka habari Thika, akaondoka akaipeleka.

Absalom alimpima Njambi homa. Alianza kumwambia neno juu ya mtoto. Njambi aliona anahangaika.

"Fanya kazi, daktari," alimwambia. "Wengine wananyeshewa."

*

Walimtafuta. Askari walikaa barabarani siku baada ya siku, kwenye daraja na kwenye njia panda, na jioni walisema hakuna pikipiki iliyopita, jambo ambalo lilikuwa kweli. Walimkamata mara moja, wakamlaza Thika ndani, na padri alipokwenda kumwombea wakamtoa. Mgongo wake uliharibika, akawa anatembea ameinama upande, na Perez aliukanda kwa mafuta ya samaki mpaka nyumba nzima ikanuka. Petroli ilifika kwa vibuyu na chupa za dawa, kutoka kwa madereva wa trekta wa mashamba, na Absalom hakuuliza. Kule Alego mama mkwe aliandikiwa, akajibu kwa mkono wa mwalimu wa shule kwamba paa la nyasi halijawahi kumletea aibu.

Wiki moja ya mwezi wa Julai, askari mgeni alitumwa stesheni. Alikuwa kijana wa Nyanza, na waliomtuma walidhani lugha ya kwao ingefungua mdomo wa Perez. Alichuchumaa mbele ya karai, akamwamkia kwa heshima kama shemeji.

"Mume wako yuko wapi leo?"

"Kazini," Perez alisema.

"Amepita njia gani?"

"Anayoijua."

"Shemeji, mimi ni mtoto wa nyumbani. Niambie tu, itakusaidia."

Kulia kwake na kushoto kwake, wanawake wa viazi walikuwa wamesogeza magunia mpaka yakagusana na karai lake. Perez alichagua samaki mzuri, akaomba kisu, akapewa, akamkata kichwa kwa pigo moja, akamfunga kwenye gazeti, akamnyooshea askari.

"Hapa nauza samaki," alisema. "Chukua. Lakini lipa kwanza."